Nondo za Amito

Watu wa juu mlimani hawakuzipenda nondo za Amito hata siku moja. Zilichomoza juu ya dari yake ya zege, fimbo za chuma zenye kutu, zimesimama kama nywele za mtu aliyeshtuliwa usingizini. Fundi huziacha hivyo makusudi, ili siku mwenye nyumba atakapoongeza ghorofa, nguzo mpya zishikane na zile za zamani. Wao waliziita uchafu. Walisema zinaharibu sura ya mtaa. Amito alijibu kwamba sura ya mtaa haimpi mtu mahali pa kulala.

Mimi ni Bisimwa, fundi cherehani, mtu wa Bukavu. Nimepanga kwa Amito tangu nilipofika Kampala na cherehani moja na suruali mbili, kwa hiyo msinitegemee kusimulia habari zake bila upendeleo. Anayetaka haki sawa kwa pande zote aende mahakamani.

Nyumba yake iko Makindye, upande unaoteremka, mwisho wa lami, pale majumba yenye bustani yanapokwisha na matope kuanza. Ni safu ya vyumba vya kupanga, kila familia na chumba chake, na mbele kuna ua mmoja wa kuanikia nguo, kupikia na kugombana. Huguette msusi, Mkongo mwenzangu, alikuwa chumba cha pembeni pamoja na dada yake na watoto wote wa dada. Nabwire, wa Busia ya Kenya, alifanya kazi za nyumbani kwa tajiri mmoja wa juu. Wanjala, Mkenya naye, alikuwa mwashi. Ua mzima ulisema Kiswahili, kila mtu na chake. Cha Amito kilikuwa cha kambi ya jeshi, kifupi, na hakikuomba ruhusa.

Kambini ndiko alikozaliwa. Baba yake, sajini, Mwacholi wa Kitgum, alikimbilia kaskazini serikali ilipoanguka mwaka wa 1986, asirudi tena. Amito akabaki mjini na mimba ya mwanawe Komakech na jiko la mkaa. Kisha vita vikahamia kwao, na kila basi kutoka Gulu likamletea mtu: shangazi, binamu, mtoto wa jirani asiye na jirani tena. Alipanga Wandegeya, akafukuzwa. Akapanga Nateete, akafukuzwa. Kila mwenye nyumba alimwita nyabo, yaani bibi kwa Kiganda, akaja na maneno yaleyale: “Nyabo, mko watu wengi.”

Siku moja nilimwuliza kama hakuwahi kufikiria kuwakatalia wale ndugu. Alinitazama kana kwamba nimemtukana mama yake.

“Nikatalie nani, Bisimwa? Yule alikufa njiani, ama yule alifika?”

Aliuza ufuta wa kusaga kwenye ndoo, mwaka baada ya mwaka, mpaka akanunua kipande cha ardhi ambacho kila mtu alikikimbia kwa sababu ya maji. Akachimba mtaro, akajenga safu yake, na siku ya kumwaga zege la dari akamwambia fundi aache nondo ndefu. Wakati huo hakuwa na hata tofali moja la ghorofa.

Ilimchukua miaka mingi kulipata. Alipokuwa tayari alichoresha ramani ya ghorofa mbili juu ya vyumba vya chini, akaipeleka ofisi za jiji, ikagongwa muhuri. Hapo ndipo chama cha wakazi wa mlimani kilipomwita kikaoni, barazani kwa mwenyekiti wao, Bwana Ssebuliba. Huyu ndiye tajiri wa Nabwire, mstaafu, mtu mpole, mwenye adabu za kizamani. Suruali zake nazipunguza kiuno mimi mwenyewe, na sina ubaya naye isipokuwa huu ninaousimulia. Nilimsindikiza Amito, nikasimama nyuma ya viti.

“Nyabo, sisi hatuna chuki,” Ssebuliba alianza. “Lakini hii mtaa ni ya familia. Maji ni kidogo. Choo yako ikijaa, inatelemka kwa nani? Leo unajenga wewe, kesho kila mtu anajenga flati, mlima inakuwa soko.”

Neno la choo lilikuwa la kweli, na Amito hakulikwepa.

“Choo nimechimba ingine, kubwa. Kuja uone. Maji nimeweka tangi. Sasa ile ya watu wengi, hiyo tuseme vizuri. Kiwanja yako inameza yangu mara tatu, na ndani mko wawili na mbwa. Chai yako nani anapika? Bustani yako nani anakata? Suruali yako nani anashona? Wote wanalala kwangu. Asubuhi unataka mikono yao. Jioni unataka miguu yao iende wapi?”

Mimi niliitazama suruali ya mwenyekiti, nikaona kweli, mshono ulikuwa wangu. Kikao kikafungwa bila sala.

Kwa kuwa ramani yenye muhuri hawakuweza kuipinga, waliigeukia barabara. Amito alikuwa ameshainua kuta za ghorofa ya kwanza, imebaki kumwaga zege la kuifunika, lango la chuma liliposimamishwa kule chini, upande wa pili wa mlima, mwanzo wa lami, njia pekee ya lori kufika kwetu. Tangazo lilisema malori ya ujenzi hayaruhusiwi kupita kwa sababu yanavunja barabara. Pembeni waliacha mlango mdogo wa waendao kwa miguu, maana wapishi na watunza bustani lazima wafike kazini. Askari waliyemwajiri kulilinda alikuwa Ochan, na Ochan alilala chumba kinachofuata changu. Mjini hapa hata ukimfungia mtu nje, ufunguo atashika mpangaji wake.

Ijumaa lori la mchanga, kokoto na saruji likafika, likazuiwa. Dereva hakuwa na muda wa siasa za watu. Akamwaga mzigo wote kando ya lango, kwa nje, akaondoka zake. Ssebuliba akateremka kuutazama, akasema kwa upole kwamba mzigo huo usipoondolewa kufikia Jumatatu atawaita watu wa jiji wauchukue.

Tukarudi uani kama watu waliotoka mazishini. Masika yalikuwa yameanza kunguruma upande wa ziwa. Mbao za kushikilia zege zilikuwa za kukodi, na mwenye mbao alikuwa anazitaka zirudi. Wanjala alisema mvua ikizikuta tupu zitapinda, itabidi zote zishushwe, na hapo ghorofa ingekuwa imekufa. Huguette alikaa juu ya ndoo akalia waziwazi, kwa sababu chumba kimoja cha juu alikuwa ameahidiwa yeye, na watoto walikuwa wameshagombania nani atalala dirishani.

“Mama, sasa bako banatukataza hata njia?” alisema. “Twende wapi tena?”

Ochan akaja, kofia mkononi. “Mama, mi naacha lango wazi. Nasema nilisinzia.”

“Na kesho unakula nini? Shika kazi yako,” Amito akamwambia. “Wewe uliambiwa uzuie nini?”

“Lori.”

“Na mtu?”

“Mtu anapita, Mama.”

Amito akacheka kwa mara ya kwanza siku hiyo, akainuka kutafuta sufuria kubwa. “Basi Jumapili tunaita awak.”

Kwao Acholi, mwenye shamba kubwa kuliko mikono yake huita awak. Anapika, anaandaa pombe, majirani wanakuja na majembe, na jua linapozama shamba limekwisha kulimwa. Hakuna anayelipwa na hakuna anayekataa, maana zamu yake nayo inakuja. Nilidhani jambo hilo ni la mtama na ufuta tu. Sikuwahi kusikia awak ya zege, na nilimwambia hivyo. Akanijibu kwamba kidole kimoja hakivunji chawa, awe chawa wa shambani au wa mjini, na kwamba karai langu liko pale ukutani.

Jumapili watumishi wa mlimani wana mapumziko. Huguette alileta kwaya yetu yote ya kanisani, wakiwa wametoka ibada ya alfajiri na bado wana sauti. Wanjala alileta waashi wenzake. Nabwire alikuja na wapishi wa nusu ya mtaa. Ndugu wa Amito walitoka kila pembe ya Kampala, wale waliowahi kulala sakafuni kwake Wandegeya na Nateete, wengine sasa wana vitambi.

“Sikiza,” Wanjala akatuambia, “zege hailali. Tukianza hakuna kusimama. Tukikatia katikati, itapasuka hapo hapo.”

Amito akaongeza amri moja tu. “Mkipita kwa Mzee, msalimie. Kila mtu. Kila safari.”

Asiyeijua Kampala hataonja ukali wa amri hiyo. Muganda aliyelelewa vizuri hawezi kuiacha salamu ianguke chini, na njia yetu kutoka langoni ilipita mbele ya baraza ya Ssebuliba, ambako kila Jumapili hukaa na chai na gazeti. Karai la kwanza likapita.

“Gyebale ko, ssebo!” Ndiyo pongezi ya Waganda kwa mtu aliye kazini, na ssebo ni bwana.

“Kale, nawe gyebale ko,” akajibu, bado hajaelewa.

La pili likapita, la tatu, kisha kwaya nzima mmoja mmoja, kokoto kichwani. Ssebuliba alijibu kila mmoja. Huguette, ambaye alikuwa amejifunza adabu za wenyeji kuliko wenyeji, alipiga magoti lamini na karai la mchanga kichwani, shingo imenyooka, akangoja. Mzee wa watu akalazimika kusimama kumwomba ainuke. Chai ilipoa. Mchana sauti yake ilikuwa imekauka, naye akateremka mwenyewe hadi langoni. Nilikuwa nyuma yake, nakwenda kujaza tena.

“Ochan, hii ni nini?”

“Watu, ssebo.”

“Wamebeba nini?”

“Ssebo, uliniambia nizuie lori. Hukuniambia nikague vichwa.”

Ssebuliba alilitazama lile lango lake, likiwa limefungwa vizuri, na mlango mdogo ukimeza watu na kuwatapika upande wa pili. Nilitaka kumhurumia, ila nilikuwa nimebeba kokoto tangu asubuhi na huruma ilikuwa imeniishia shingoni. Nikamsalimia. Akanijibu.

Juani na kivulini, zege likapanda ngazi, mkono kwa mkono, watu wakiimba kila lugha waliyokuja nayo. Jua lilipokuwa linagusa vilima, Wanjala alisawazisha pembe ya mwisho, ile ya juu ya chumba cha Huguette, akatupa ubao chini na kukaa. Tukala viazi vitamu na malakwang, mboga chachu iliyoungwa kwa ufuta wa Amito mwenyewe. Kisha nikamwona anapakua sahani ya ziada, anaifunika.

“Ya Mzee,” akasema. “Awak ikiisha, jirani anakula. Hata yule hakuja.”

Nilikasirika. Nikamwambia mtu kama huyo apelekewe mawe.

“Mawe yameisha, Bisimwa. Yote yako juu.”

Sahani nikaipeleka mimi, kwa adhabu.

Jumatatu, kabla Nabwire hajapanda kwenda kazini, Ssebuliba alikuja kwa miguu hadi uani kwetu. Hakuwahi kufika hapo. Sahani ilikuwa mkononi mwake, imeoshwa, na kwa kuwa Nabwire alikuwa bado anapiga mswaki mbele yetu, sote tulijua imeoshwa na nani. Alimpa Amito kwa mikono miwili, akashukuru kwa chakula. Halafu akainua macho juu ya lile zege jipya, lenye rangi ya majivu, bado linamwagiwa maji. Juu yake, kwenye kila nguzo, nondo mpya zilikuwa zimesimama.

“Nyabo,” alisema, na sauti bado ilikuwa ya kukwaruza, “umeshinda. Watu wako wamepata nyumba. Sasa ghorofa ya pili uiache, zile chuma zikatwe, tupumzike wote.”

Amito aliipokea sahani, akaigeuza, akaitazama chini na juu.

“Asante, Mzee. Umeosha vizuri.” Kisha akapaza sauti. “Wanjala! Hizo nondo ziko ndefu ya kutosha?”

“Zinatosha, Mama.”

“Usikate hata moja.”

Ssebuliba alifungua mikono. “Lakini nyabo, za nini tena? Si wote wameingia?”

“Hawa wameingia,” Amito akasema. “Wengine bado wako njiani.”