Niliyetumwa Kusema Jambo Moja

Mtaani kwetu Ziwani, Nairobi, kila safu ya nyumba ina mtu mmoja ambaye hushika kipaza sauti hata kama hakuna aliyemwomba aongee. Katika safu yetu mtu huyo ni mimi. Kukiwa na harusi, ni mimi. Kukiwa na msiba, ni mimi. Siku moja walikuja mafundi kuzibua mtaro wa maji machafu, nikawasimamia na kuwaeleza mtaro huo ulichimbwa enzi za nani. Mwishowe waliniomba niwarudishie koleo lao.

Tatizo langu ni kwamba nimejipa kazi ya kuwa mwanahistoria wa mtaa. Hakuna aliyeniajiri na hakuna aliyenisomesha. Najua nyumba zetu za mawe zilijengwa wakati wa mkoloni kwa ajili ya wafanyakazi wa Kiafrika, na nina maoni marefu kuhusu kwa nini vyumba vilifanywa vidogo. Najua pia kuwa Pumwani ni ya zamani kuliko sisi, ingawa nikilisema hilo mbele ya jirani yangu aliyezaliwa Majengo, huko huko Pumwani, huniuliza kama nilikuwepo. Watoto wakiniona nakuja na mgeni hutawanyika, kwa sababu wanajua nitawasimamisha kama ushahidi.

Mwaka jana mama wa kona aliamua kurudi nyumbani.

Tulimwita mama wa kona kwa kuwa nyumba yake ndiyo ya mwisho, pale safu inapokata kuelekea kwenye bomba la pamoja. Aliletwa Ziwani na mumewe, mfanyakazi wa reli, akiwa bibi arusi kutoka magharibi mwa nchi, na hakuhama tena. Nyuma ya mlango wake palikuwa na misumari iliyotundikwa funguo za nusu ya safu. Wazazi wetu wakienda kazini Industrial Area au mjini, ufunguo uliachwa kwake, na sisi tukitoka shule tulipitia kwake kuuchukua. Hakuutoa kabla hujala kitu na kabla hajakuangalia masikio. Mimi nimeshapita miaka arobaini na bado nikipita pale huwa najipangusa masikio.

Mumewe alifariki zamani, akazikwa kwao. Binti zake wameolewa mbali. Magoti yalipoanza kumsumbua alisema imetosha, anataka kwenda kukaa kwenye ile nyumba ndogo ambayo mumewe aliijenga bomani kwao kijijini.

Sisi tuna desturi. Jirani aliyekaa nasi muda mrefu akirudi ushago kabisa, hatumwachi aende peke yake na mizigo yake. Tunakodi basi, tunampeleka mpaka mlangoni, na mmoja wetu anasimama mbele ya watu wa huko na kumkabidhi. Nadhani hakuna haja ya kusema nani huchaguliwa kukabidhi.

Siku chache kabla ya safari aliniita. Alikuwa ameketi mlangoni akichambua maharagwe.

"Kijana yangu, ni wewe utaongea huko?"

"Nani mwingine, Mama?"

"Basi sikiza. Nataka useme kitu moja tu. Uwaambie nimerudi nyumbani. Uwaambie mimi si mgeni."

Nikamwambia hilo ni jambo dogo. Akatupa jiwe alilolitoa kwenye maharagwe.

"Si dogo. Kila Disemba nikienda, wananiwekea kiti. Nikishika ufagio wananinyang'anya. Miaka hiyo yote nakaribishwa kwa boma ya bwanangu. Nimechoka kukaribishwa."

Nilimwahidi. Kisha nikaenda nyumbani kuandaa hotuba, na kama kawaida yangu nilianzia kwa mkoloni.

Safari ilikuwa nzuri kwa kila mtu ila waliokaa karibu nami. Tulipoanza kuteremka Bonde la Ufa niliwaonyesha njia ya reli ilikopita na kueleza taabu za walioijenga. Tulipofika Nakuru nilikuwa bado naijenga. Mwenyekiti wa akina mama wa safu yetu, ambaye anauza mitumba Gikomba na ana sauti ya kazi hiyo, alianzisha wimbo wa kanisani. Basi zima likaitikia kwa nguvu ambayo sikuiona kanisani hata siku moja. Kila wimbo ulipoisha nilifungua mdomo, na kila nilipofungua mdomo walianza mwingine. Mama wa kona alikuwa amekaa dirishani na mkoba wake mapajani. Hakuimba. Alitazama mashamba ya chai, halafu ya mahindi, halafu ya miwa, na kadiri tulivyokaribia ndivyo alivyozidi kuushika ule mkoba.

Tulipokelewa kwa vigelegele. Uwanjani palikuwa na mahema mawili, moja la wenyeji na moja la wageni. Shemeji yake, mdogo wa marehemu mumewe, alitusalimu mmoja mmoja kwa mikono miwili. Mkewe, mwanamke mrefu aliyefunga kitenge kiunoni tayari kwa kazi, ndiye aliyelishikilia boma hilo tangu wazee wafe. Huko kwao wake wa ndugu huitana mke mwenza, ingawa waume ni wawili. Mke mwenza huyo alimshika mama wa kona mkono kwa heshima zote, akamwongoza taratibu, akamketisha kwenye kiti chenye kitambaa cheupe. Kiti hicho kilikuwa kwenye hema letu.

Mama wa kona alinitazama. Nami nikamwashiria kwa kidole gumba kwamba asijali, niko tayari.

Nikapewa kipaza sauti.

Sasa, nitasema ukweli: niliongea vizuri. Niliwapeleka Ziwani mguu kwa mguu. Niliwaonyesha bomba na foleni ya ndoo ambayo mama huyu aliipanga bila kupiga kelele. Niliwaonyesha misumari na funguo. Nilisema hakuna mtoto wa safu yetu ambaye hakuoshwa masikio na mkono ule. Akina mama wa hema letu walianza kujifuta macho, na mimi nikiona machozi huwa sijui breki iko wapi. Nikasema huyu ni mama wa Ziwani. Nikasema ni wetu, tumekaa naye maisha yetu yote, na leo tunatoa kitu chetu cha thamani. Nikamalizia kwa sauti ya chini, ile ninayoifanyia mazoezi bafuni: "Tunawaomba, ndugu zetu, mtutunzie mama yetu."

Hema letu lilipiga makofi. Hema la pili lilipiga pia, lakini kwa adabu, vile watu wanavyompigia makofi mwanasiasa wa kata nyingine.

Shemeji akasimama kujibu. "Tumesikia," akasema. "Tumeelewa kwamba huyu mama ni wenu, na mnampenda. Msiwe na wasiwasi. Mgeni wenu tutamtunza. Hatalala njaa hapa."

Nikapiga makofi kabla ya mtu yeyote. Nilikuwa nimeshapiga mara tatu nne hivi nilipomwona mama wa kona ameinamisha kichwa anatazama viganja vyake, na ndipo neno lile moja nililotumwa likanijia, likiwa zima, halijaguswa.

Chakula kililetwa sebuleni. Tulinawishwa mikono, na yeye akanawishwa pamoja nasi. Kwa kuwa nilikuwa msemaji, firigisi ya kuku iliwekwa kwenye sahani yangu. Ningekuwa na aibu ningeikataa. Niliila. Mama wa kona alipoinuka kukusanya sahani, mke mwenza alizichukua mikononi mwake kwa upole.

"Kaa, dada. Pumzika. Mmetoka mbali."

Alasiri mama wa kona alinipeleka kuona nyumba yake. Walikuwa wameifagia, wamepaka sakafu, wametandika vitambaa kwenye kila kiti na kuweka maua kwenye kopo. Kisha akanionyesha kijumba cha jikoni kilicho nyuma. Ndani kulikuwa na magunia ya mahindi na kuku anayeatamia. Hapakuwa na mafiga wala ukuni hata mmoja.

"Wataniletea chakula kutoka kwa jiko ya yule," akasema. "Asubuhi, mchana na jioni. Kwa sahani imefunikwa."

Nikamwambia nitaomba nafasi ya kuongea tena. Akaniambia niende nikae na wengine.

Nilimweleza mwenyekiti habari ya sahani na mpango wangu wa hotuba ya pili, fupi, yenye masahihisho. Alinisikiliza mpaka mwisho, kitu ambacho hakijawahi kutokea.

"Wee buda," akasema, "ukishika hiyo maiki tena, sisi tunarudi Nairobi na wewe unabaki hapa uletewe sahani imefunikwa."

Tulilala kwa majirani waliotugawana. Asubuhi, siku ya kurudi, nilikuwa naelekea bomani kunywa chai niliposikia sauti za wanawake zikipanda jikoni kwa mke mwenza. Nikakimbia. Kumbe mama wa kona alikuwa ameamka kabla ya wenye nyumba, akaingia jikoni mle bila kuuliza, akawasha moto na kutupikia chai basi zima. Tena aliipika kwenye sufuria ya maziwa, akatia tangawizi. Mke mwenza alikuwa amesimama mlangoni, kitenge kimelegea, hana hata habari ya kukifunga.

"Hii sufuria haipikwi chai! Nani alikwambia uishike? Na hii kuni nilikuwa nimeikausha!"

"Kama ungeifunika hiyo sufuria ningejua ni ya nini. Imekaa tu hapo na nzi."

"Nzi? Nyumba yangu iko na nzi?"

Niliona sifa zote za Ziwani zikimwagika kwenye majivu. Nikajitosa katikati yao na kuunganisha viganja mbele ya mke mwenza. "Samahani sana, Mama. Mgeni wetu hakujua. Sisi huko Nairobi hatuna..."

Mama wa kona alinigeukia akiwa na mwiko mkononi. Sikuwa nimeliona jicho lile tangu nilipokuwa darasa la tatu na masikio machafu.

"Wewe. Toka jikoni kwa watu."

Nikatoka. Nje niliwakuta akina mama wa safu yetu wamepanga mstari na vikombe, wanasikiliza kila neno, na mwenyekiti amebana midomo asicheke. Ugomvi uliendelea mpaka chai ikaiva. Ilikuwa tamu. Mke mwenza alikunywa vikombe viwili huku akisema tangawizi imezidi.

Saa ya kuondoka ilipofika, boma lote lilitusindikiza mpaka barabarani, kama inavyostahili kwa wageni. Basi lilikuwa linanguruma. Nami kwa mazoea ya safari nilikuwa nimembebea mama wa kona mkoba wake, na watu walipoanza kupanda nilisimama mlangoni pa basi na kumnyooshea mkono ili nimsaidie kukanyaga ngazi. Naapa nilifanya hivyo. Tulikuwa tumempeleka huko akae, nimehutubia kuhusu jambo hilo hilo, na bado mkono wangu ulinyooka wenyewe.

Alibaki amesimama kati yetu na wao, barabarani. Watu wa bomani walikuwa upande mmoja na sisi upande mwingine, na kwa muda mfupi sikujua atasogea wapi, na nadhani hata yeye mwenyewe hakujua kama wale wangemfungulia nafasi.

Mke mwenza aliita kutoka nyuma ya watu. Hakuwa na upole wa jana hata chembe.

"Na wewe utasimama hapo mpaka saa ngapi? Ng'ombe hajanyweshwa maji, na huyo kuku anayeatamia mtoe kwa jiko yako mwenyewe. Mimi si mfanyakazi wako!"

Damu ilinipanda. Mama yetu, mwenye magoti mabovu, kuamrishwa namna ile mbele ya wageni? Nikakohoa kusafisha koo. Nilikuwa na maneno makali na mazuri, na tayari nilikuwa nimeinua kidole, mama wa kona aliponikanyaga mguu. Alinikanyaga kwa uzito wake wote, na hakuutoa mguu mpaka niliposhusha kidole.

Nikamtazama usoni. Alikuwa anang'aa. Nimemjua maisha yangu yote, na sikuwa nimewahi kumwona amefurahi vile.

"Nakuja!" akamjibu mwenzake kwa sauti ile ile ya ukali. Kisha akachukua mkoba wake kutoka mkononi mwangu na kunishika sikio kidogo, akalikagua. "Nendeni salama. Mkifika mpige simu. Karibuni tena kwetu."

Akageuka, akapita katikati ya watu wake, nao wakampisha na kujifunga nyuma yake. Hakupunga mkono. Alikuwa anamwuliza mke mwenza ni ng'ombe yupi, na mke mwenza alikuwa anamwambia kwani kuna wangapi.

Nilipanda basi nikakaa kwenye kile kiti chake cha dirishani. Nililia, tena si machozi ya kuficha. Mwenyekiti alikuja akakaa kando yangu na kunipa leso yake. Nilipofungua mdomo kumshukuru, akaanzisha wimbo.