Vidonge Nilivyovikana

Dada yangu alikuwa mkulima, na mimi nilipenda kumtania. Alipotoka Lurujo na kuja kwangu Koboko akiwa na homa ya wiki tatu, niliona mistari myembamba, myeusi, chini ya kucha zake. "Wewe na kuni!" nikamwambia, nikachukua pini nimtoe vibanzi. Havikutoka.

Dawa ya malaria ilikuwa imeshindwa, kwa hiyo nikamnunulia dukani vidonge vya rangi mbili. Kwa siku nne homa ikashuka, nami nikajisifu. Iliporudi, nikampeleka hospitali ya Arua.

Daktari alisikiliza kifua chake kwa muda mrefu, kisha akatazama ile mistari ya kucha, moja moja. Alishuku kwamba vijidudu vimeingia moyoni na vinakula vali, ile milango ya damu. Picha ya moyo ilionyesha doa, lakini hakuwa na hakika nalo. Angetoa damu mara tatu, aiweke maabara, aone ni kijidudu gani kitaota.

"Iko dawa alikula nyumbani?" akaniuliza.

Muda mfupi kabla, nesi alikuwa amemfokea mama mmoja mbele ya watu kwa kujitibu dukani. Nami ni mtoto wa askari. Kwetu kosa lilikanwa haraka, kabla baba hajavua mkanda.

"Hapana, daktari. Hakuna dawa."

Dada alinitazama. Akakaza fundo la kitenge chake.

Siku zikapita, damu haikuotesha kitu. "Kama hakula dawa ya kuua vijidudu, labda shida si moyo," daktari akasema, akaanza kutafuta kifua kikuu. Kinywa nilikuwa nacho, sikukifungua. Wahenga walisema mficha maradhi kilio humuumbua. Mimi nilificha dawa, na maradhi hayakuwa yangu.

Asubuhi moja mdomo wa dada ukapinda, mkono ukalegea. Kipande cha lile doa kilikuwa kimetoka moyoni kikapanda kichwani. Ndipo nikasema yote, nikilia. Daktari hakunifokea. Alibadilisha dawa saa ile ile, lakini tulikuwa tumechelewa. Nilitamani anipige.

Tulipomrudisha Lurujo kumzika, mimi na shangazi yetu ndio tuliomwosha. Nilifungua fundo la kitenge, nikakuta karatasi tupu ya vidonge imekunjwa ikawa ndogo. Ile niliyomnunulia mimi. Alikuwa ameificha humo tangu siku ile, ili nisifokewe.