Siku Baba Alipomleta Ndugu Yake

Baba alikuwa mshona nguo katika soko la Amukura, mtu mrefu, mpole, asiyependa maneno mengi. Kila Jumapili baada ya misa alipanda baiskeli akaenda Alupe, kwenye hospitali ya wakoma, kumwona mdogo wake. Sisi watoto tulijua tu kwamba tuna baba mdogo huko, na kwamba hatajwi mbele ya wageni.

Jumapili moja, Uhuru ukiwa bado mpya, hakurudi peke yake. Baba mdogo alikuwa ameketi nyuma kwenye keria, amevaa shati lisilo na vifungo, la kufungwa kwa kamba pana kifuani. Baba alimshonea hivyo kwa sababu vidole vyake vingi vilikuwa vimeliwa na ugonjwa. Madaktari walikuwa wamesema amepona, hawezi tena kumwambukiza mtu.

Mama alikuwa mlangoni akimnyonyesha kitinda mimba wetu. Alisimama, akaingia ndani, akatuita na sisi. "Msimguse," akatuambia kwa sauti ya chini. Nilikuwa msichana wa miaka kama tisa, na nilimwogopa mtu yule kuliko nyoka.

Wiki hiyo baba alimwomba mama atengeneze pombe ya wimbi, maana kwetu Wateso aliyerudi nyumbani hukaribishwa kwa chungu. Jumamosi alasiri wanaume wa jirani wakaja, kila mmoja na mrija wake mrefu, wakakizunguka chungu. Baba akamleta ndugu yake, akamketisha kwenye kigoda kilichokuwa wazi, akamtilia mrija mkononi.

Mwanamume mmoja akauchomoa wake. "Nimekumbuka ng'ombe," akasema, akaondoka. Mwingine naye akakumbuka jambo. Punde si punde wakabaki ndugu wawili na chungu cha watu kumi.

Baba mdogo akataka kuinuka. "Nirudishe Alupe, kaka. Kule nina wenzangu."

"Kunywa," baba akasema. Akauchukua mrija wa ndugu yake, akampa wa kwake, akavuta yeye kwanza.

Nilikuwa nachungulia dirishani. Nikamwona mama akitoka jikoni na birika la maji moto. Alisimama kidogo, halafu akamimina maji chunguni kama mwenye nyumba anavyowafanyia wageni wake. Hakumtazama baba. "Karibu nyumbani, shemeji," akasema.

Baba mdogo hakurudi Alupe. Majirani walirudi mmoja mmoja, wengine baada ya mavuno mawili. Yule wa ng'ombe hakukanyaga kwetu tena, hata baba alipofariki kwa homa ya siku chache, kabla miaka ile ya sitini haijaisha.

Watu husema nimechukua paji la uso la baba. Mimi sikumwona ndani yangu mpaka nilipokuwa na nyumba yangu mwenyewe, Malaba. Shangazi yangu alikuwa amepoteza kumbukumbu na wanawe wamemchoka. Nikamfuata, nikamleta, nikampa chumba. Mume wangu alitoka kazini akamkuta sebuleni. Hakugomba. Alisema tu, "Na mimi ni nani humu?"

Sikumjibu. Nilishika sufuria nikaanza kupika, na papo hapo nikakitambua kile kimya. Kilikuwa cha baba kabisa.

Siku chache baadaye nilikwenda Amukura kumweleza mama, nikitaraji atanisifu. Alikuwa akipepeta wimbi.

"Baba yako alikuwa mtu mwema," akasema. "Lakini nilikuwa na mtoto mchanga kifuani, na hakuniuliza. Angeniuliza ningekubali. Wiki ile nzima kila asubuhi nilikuwa nahesabu vidole vya mwanangu."

"Ulimwambia?"

"Ningemwambia saa ngapi, na alikuwa ameshafanya?"

Aliendelea kupepeta. Miaka yote nilikuwa nimelikumbuka lile birika kama ushindi wa baba. Sikuwa nimewahi kufikiria lilikuwa na uzito gani mkononi mwa mama.

Niliporudi Malaba nilimkuta mume wangu uani na shangazi, wanamenya viazi. Shangazi alikuwa akimwita kwa jina la mtu mwingine, naye akiitika. Nikaketi karibu na mume wangu.

"Ilifaa nikuulize kwanza," nikasema. Maneno hayo machache yalinitoka kwa shida, kama mtu anayesema lugha ya ugenini.

Akaweka kisu chini. "Basi niambie sasa," akasema.

Nikaanza kumweleza.