Siku Mama Aliponigombeza

Nimefungua bahasha ya vidonge vyangu, na harufu yake imenirudisha kijijini kwetu Kasense, utotoni. Miezi mingi mama alikuwa hacheki wala hagombi. Hata ugali mbichi niliopika aliula bila neno. Daktari wa mjini akampa vidonge vya kutibu huzuni.

“Mvumilie,” alimwambia baba. “Vinafanya kazi polepole.”

Wiki zikapita, hakuna kitu. Asubuhi moja nikamwaga unga wa ulezi jikoni.

“Wewe mtoto! Huna macho?” mama akafoka.

Nilitoka mbio hadi shamba la kijiji, baba alikokuwa akilima. “Baba! Baba! Mama amenigombeza!”

Baba akatupa jembe. Tukarudi tunakimbizana, kila mmoja akitaka agombezwe kwanza.