Chekeche na Magamba Meupe

Masika moja ya utoto wao, maji yalipobomoa ukingo wa mto, mdogo wa kiume alimng'oa dada yake jino kwa jiwe, naye dada akamng'ata sikio mpaka akaonja damu. Jioni wakala sahani moja. Nyumba ile ilipigana hivyo, na waliozaliwa humo waliona ndiyo mapenzi.

Ukubwani walikutana kazini, mahali pa kutoboa ardhi kutafuta gesi. Mdogo mtu alikuwa msimamizi wa mtambo. Dada mtu, ambaye wenzake walimwita Chekeche, aliosha kwenye chekeche chembe za mwamba zilizopandishwa kutoka shimoni, kisha akainamia hadubini kutazama magamba ya vijidudu vya bahari ya kale, madogo kuliko punje ya chumvi. Kila enzi ilikuwa na magamba yake. Kwa hayo alijua umri wa mwamba, na kama bahari iliyouzaa ilikuwa ya kina au ya ufukweni.

Asubuhi moja alitoka maabara mbio.

"Simamisha mtambo. Nimeona magamba ya bahari ya kina, ya enzi ya kale. Tumefika kwenye udongo ulioifunika gesi, na tope mnalotia shimoni ni jepesi mno kuizuia. Itawarusha."

"Dada, hayo ni masalio ya shimo la juzi. Hukuosha chekeche."

"Kila nikiliosha nalichovya kwenye rangi. Masalio yangekuwa ya buluu. Haya ni meupe kama meno yako, na hayo meno nitayang'oa."

"Nenda kacheze na wadudu wako, bibi."

Dada mtu alitwaa shoka, akaukata mkanda wa injini. Mkanda ulichapa hewani, ukamchana fundi bega. Mdogo wake akampiga spana usoni, akampiga tena alipoanguka. Wanaume wanne walimbandua juu yake. Jicho la kulia la dada lilikuwa limekwisha kupasuka.

Baadaye walitia tope zito, wakachimba polepole. Gesi ilipanda ikinguruma, ikavunja vioo vya ofisi, lakini hakufa mtu.

Hospitalini, mama yao aliketi ukingoni mwa kitanda. "Waambie spana ilikuponyoka mwenyewe. Ndugu wakigombana, chukua jembe ukalime."

"Nitalima kwa jicho gani, mama?"

"Watamfunga, mwanangu."

"Najua."

Alipotoka alikwenda polisi peke yake, akamtaja aliyempiga na sababu yake. Kisha akarudi maabara, akaisogeza hadubini upande wa jicho la kushoto, akaomba chembe za shimo lililofuata.