Papa Kasika na Mafuta Mepesi Kama Maji

Papa, baba yetu, alipima mafuta ya injini kwa vidole viwili. Alidondosha tone kwenye kidole gumba, akalibana kwa kidole cha pili, kisha akavitenganisha polepole kuona kama mafuta yanavuta uzi. Yakivuta uzi mrefu, alikubali kwa kichwa. Uzi ukikatika upesi, alifuta vidole kwenye suruali na kumrudishia mwenye mali chupa yake. Mama alisema huko mbinguni Mtakatifu Petro hatahitaji kuuliza jina la mume wake, atatazama paja la suruali tu.

Jina lake lilikuwa Kasika Bienvenu. Mungu alimwita mwaka jana, wiki moja kabla ya Pasaka. Baadhi ya wajukuu wake walikuwa wadogo mno kumkumbuka, na ni kwa ajili yao hasa ninaandika.

Alizaliwa Butembo, katika nyumba ya wachuuzi Wakatoliki. Lori lake la kwanza lilibeba viazi na jibini kutoka milima ya Masisi. Kule juu baridi ya asubuhi ilifanya mafuta ya injini kuwa mazito kama uji wa jana. Madereva waliweka makaa kwenye kipande cha bati, wakayasukuma chini ya injini, wakasali huku wakisubiri. Papa alituambia kwamba lori jipya lilihitaji fungu moja la rozari, na lori kuukuu rozari nzima.

Baadaye alihamia Walikale, na kwa miaka mingi aliendesha kati ya Walikale, Hombo na Bukavu, katika njia ile ya msituni ambapo lori huzama kwenye matope hadi milangoni. Abiria walimpenda kwa sababu ya matabishi. Kwetu kila mtu anajua matabishi: ukishapimiwa maharagwe yako sokoni, mama muuzaji huongeza ukufi mmoja juu, na asipoongeza hutarudi kwake. Papa aliongeza juu ya kila kitu. Mwanamke mzee akiwa amelipa hadi njiapanda, alimwambia asishuke, akamsogeza hadi mlangoni kwake. Hata akisali Baba Yetu, baada ya amina alikuwa na maneno mawili matatu ya kwake. "Mungu naye anapenda matabishi," alisema.

Vita vilifunga njia ile. Watu wenye silaha walichukua lori, naye akafika nyumbani kwa miguu akiwa na ufunguo mfukoni. Ufunguo huo aliutundika ukutani chini ya picha ya Bikira Maria, na hakuna aliyethubutu kuuondoa. Tukahamia Sake, naye akafungua duka dogo la vipuri karibu na njiapanda ya Goma, Masisi na Minova. Mafuta ya magari yaliyouzwa pale sokoni mara nyingi yalikuwa yamechanganywa na mafuta ya taa ili yaongezeke. Kwa hiyo vidole vyake viwili vilikuwa na sifa. Madereva walimletea chupa za wengine azipime, kama watu wanaopeleka maji kwa padri yabarikiwe.

Mwaka ule vita viliporudi Masisi, macho ya Mama yalikuwa yameshazibwa na mtoto wa jicho. Mama yetu Rosalie alitutambua kwa sauti na kwa hatua zetu. Aliunguza maharagwe, yeye ambaye hakuwahi kuunguza kitu, na baada ya hapo akaanza kukaa kimya jikoni. Kimya hicho ndicho kilichomuumiza Papa. Ikasikika kwamba madaktari wa macho watakuja Goma kwa siku chache, na Mama akapewa siku yake ya kupasuliwa. Asiyefika siku yake angesubiri mpaka warudi, na hakuna aliyejua kama wangerudi katika hali ile. Mabasi madogo yalikuwa yamejaa watu wanaokimbia na magodoro yao. Kumpandisha mama asiyeona kwenye pikipiki, Papa alikataa kabisa.

"Nitamupeleka miye mwenyewe," alisema. "Nilibeba bibi za wengine maisha yangu yote."

Gari lilikuwepo. Dada yangu Mamie, aliyeolewa Kampala, alikuwa amemtumia gari dogo lililokwisha kutumika, lenye usukani upande wa kulia. Lilikuwa gari la ibridi, yaani lina injini ya esansi, au petroli, na pia mota ya umeme yenye betri kubwa, na lenyewe linachagua litumie ipi. Papa alilipenda kwa sababu lilikunywa esansi kidogo, lakini hakuliamini kwa sababu lilikuwa kimya. Alisema mashine isiyosema ni kama mkwe asiyesema, huwezi kujua imekasirika lini.

Kabla ya safari lilihitaji kubadilishiwa mafuta ya injini, na kazi hiyo Papa alimwachia Théoneste peke yake. Théoneste alikuwa fundi jirani yetu, mtoto wa wakulima wa milima ya Masisi, Mwadventista aliyefunga garaji kila Jumamosi. Siku zile maneno mengi yalipita sokoni kuhusu nani anasema lugha gani nyumbani kwake, na kwa hiyo yuko upande gani wa vita. Mtu mmoja alimwonya Papa asimwache Théoneste aguse gari lake. Papa alimjibu, "Mikono yake njo naijua. Lugha yake atasema na bibi yake."

Lakini kuhusu mafuta hawakupatana. Théoneste alimletea bidoni, dumu dogo la mafuta, kutoka Goma.

"Hii njo inatakiwa, Papa Kasika. Sentetiki."

Papa alifungua kizibo mwenyewe, akadondosha tone, akabana, akatenganisha. Hakuna uzi. Mafuta yalitiririka mpaka kwenye kiganja.

"Hii iko maji."

"Haiko maji."

"Théoneste, niliuza mafuta mbele weye uote ndevu. Hii muntu alitiamo mafuta ya taa."

"Kizibo ilikuwa ya kiwanda. Umekata weye mwenyewe sasa hivi."

"Basi na kule kiwandani kuko wezi." Papa alinyanyua chupa ya mafuta ya kawaida kutoka rafu yake, yale mazito aliyotia kwenye lori miaka yote, akaigeuza ili Théoneste aone yanavyoshuka taratibu. "Angalia hii. Hii inashika chuma."

"Inashika, lakini inachelewa kufika. Kama weye kwa misa ya kwanza."

Papa alijizuia asicheke. Théoneste akaketi juu ya tairi, akamweleza. Injini ya lori, motere kama tunavyoiita kwetu, ukishaiwasha asubuhi inafanya kazi mpaka jioni. Injini ya gari lile hulala na kuamka njia nzima. Ukisimama kwenye bariere, kizuizi cha askari barabarani, inalala, ukiondoka umeme unakusukuma, halafu kidogo injini inaamka. Kila ikiamka inataka mafuta yapande juu mbio, na yakichelewa vyuma vinasuguana vikavu. Ndiyo maana waliolitengeneza walitaka mafuta mepesi, na wepesi ule bila kupoteza nguvu unapatikana katika sentetiki, mafuta yaliyoundwa maabara.

"Ukitia ile nzito," alimaliza, "haitakufa leo. Lakini itachoka mbio, na itakunywa esansi kama lori. Tena weye uko na safari ya Mama."

"Njo maana sitaki kucheza," Papa alisema, akaondoka na chupa zote mbili.

Alizileta nyumbani, akaziweka mezani karibu na sahani ya sombe kana kwamba ni wageni. Hakula. Mama alisikia kijiko chake kimetulia, akamuuliza ana nini. Akamweleza yote, ya injini inayolala na ya mafuta yasiyovuta uzi.

Mama aliendelea kukanda tonge lake la bugali.

"Weye ukiamka usiku, koo imekauka, unaniitaka nini?"

"Maji."

"Nikikuletea bugali? Haiko bugali njo inatia muntu nguvu?"

Papa aligeuza chupa moja mkononi.

"Na kule Masisi," Mama akasema, "ile makaa mulikuwa munatia chini ya lori, ilikuwa ya nini? Haikuwa ya kufanya ile mafuta yenu ikuwe maji?"

Papa alivitazama vidole vyake viwili kwa muda. Kisha akaosha mikono, akaanza kula. Kesho yake Théoneste alitoa mafuta ya zamani na kumimina sentetiki mpaka alama ya juu ya kijiti cha kupimia. Alifuta kijiti, akapima tena, akafunga boneti. Mafuta yaliyobaki katika bidoni yalikuwa bado mengi. Alimwambia Papa ayahifadhi.

Siku ya Mama tuliondoka asubuhi, Papa kwenye usukani, Mama kando yake na rozari mkononi, mimi nyuma na chakula. Kwenye bariere askari alimwamuru Papa azime injini.

"Imezima," Papa alisema.

"Muzee, usinichezee. Taa inawaka."

"Weka sikio."

Askari aliinama juu ya boneti, akasikiliza. Akaturuhusu tupite, na gari likateleza mbele yake bila sauti kama paka. Tulimsikia akimwambia mwenzake, "Hii gari iko ya balozi." Mama alicheka. Ilikuwa mara ya kwanza kwa muda mrefu kusikia kicheko chake.

Injini iliamka mbele kidogo, na moshi wa rangi ya samawati ukaanza kutoka nyuma. Harufu ya mafuta yaliyoungua iliingia ndani. Papa alisimamisha gari ukingoni mwa barabara, akashuka, akazunguka, akarudi akiwa na uso ambao nilifurahi kwamba Mama hauoni.

"Ni nini?" Mama aliuliza.

"Kidogo tu."

Alimpigia Théoneste simu. Watu walipita kando yetu na mbuzi, masufuria na watoto mgongoni. Mama alisogeza punje za rozari bila kuuliza saa, lakini niliona midomo yake ikienda haraka. Théoneste alifika nyuma ya pikipiki, na mfuko wa vyombo mapajani. Alivuta kijiti cha kupimia, akakifuta, akapima tena. Mafuta yalikuwa yamepita alama kwa mbali.

"Papa Kasika. Uliongeza?"

Papa alitazama milima.

"Uliongeza?"

"Nilitia matabishi tu. Ile ilibakia. Nilisema, safari ya Mama, isikose."

Théoneste alisimama na kijiti mkononi. Nilidhani atakasirika, na alikuwa na haki.

"Papa," alisema taratibu, "motere haiko mama wa sokoni. Ikishiba, inatapika."

Ndani ya gari Mama alicheka tena, mpaka akalazimika kufuta machozi, na Papa, aliyekuwa karibu kulia, naye akaanza. Théoneste aliingia chini ya gari kifudifudi kwenye changarawe na shati lake la kazi, akalegeza parafujo ya chini, akayaacha mafuta yaliyozidi yashuke katika bidoni iliyokatwa. Alikaza, akapima, akalegeza tena kidogo. Alipotoka nywele zake zilikuwa nyeupe kwa vumbi. Moshi uliendelea kidogo, ukapungua, ukaisha kabla hatujafika mjini.

Hospitalini walikuwa wameshaita jina la Mama na kulipita. Papa aliingia na suruali yake ya paja la mafuta, akasimama mbele ya muuguzi, akamweleza habari yote tangu makaa ya Masisi. Sijui kama muuguzi alielewa. Alimshika Mama mkono na kumwingiza wa mwisho.

Kesho yake walipofungua bandeji, Papa alikuwa amekaa mbele yake kabisa, magoti yakigusana, ili uso wa kwanza uwe wake. Mama alipepesa. Alimtazama kwa muda.

"Kasika. Umezeeka vile?"

"Ile miaka uliacha kuniangalia," Papa alisema, "nilikuwa natiamo matabishi."

Baadaye vita vilifika Sake nasi tukakimbilia Goma. Papa aliendesha gari lile huku na huko mpaka jirani wa mwisho wa mtaa wetu akawa amevuka, na kila mmoja alimfikisha mbele kuliko alipoomba. Alikufa katika nyumba ya kupanga, moyo wake ulichoka akiwa usingizini, na Mama alikuwa wa kwanza kumwona.

Siku ya mazishi Théoneste alikuja mapema kutengeneza gari litakalompeleka Mama kanisani. Alikuwa na bidoni ya mafuta yale mepesi. Alimimina kidogo kidogo, kisha akavuta kijiti na kukifuta kwa kitambaa. Mama, katika kanga yake ya maombolezo, alimnyooshea mkono.

"Leta niangalie."

Alikichovya kijiti mwenyewe, akakitoa, akakiinua kwenye mwanga wa asubuhi karibu na macho yake. Aliisoma alama.

"Imefika," alisema. "Inatosha."

Bidoni ilikuwa na mafuta bado. Mama alifunga kizibo, akakikaza kwa nguvu, akampa Théoneste bidoni.

"Hii haiingie kwa motere. Iko matabishi yako, Papa Kasika anakupatia."

Théoneste aliipokea kwa mikono miwili. Kisha akatufungulia mlango, tukaenda kumsindikiza, na gari lilikuwa kimya kiasi kwamba tulisikia watu wakiimba tangu mbali. Bwana amhesabie mema yake, na aongeze juu.