Baba anataka kuja harusini kwangu, akae upande wa wanawake

Admin, nifichie jina, na ukiona neno litakalonijulisha, lifute. Mie ni mwanamke, nna miaka 29, tunakaa Bawshar, Maskati. Asili yetu Unguja. Nyumbani tuko watatu: mama, kaka yangu mkubwa na mie. Baba aliondoka nikiwa na miaka kumi na saba, akenda Ulaya kutibiwa mgongo, hakurudi. Mama akatwambia kaoa huko, tusimuulize tena. Hatukumuuliza.

Mwezi ujao naolewa. Kaka ndiye walii wangu, atakayeniozesha. Kwenye makaratasi tumeandika baba hajulikani alipo.

Ijumaa moja baada ya chakula cha mchana tulikuwa tunaangalia tamthilia ya kizungu, kaka ndiye aliyeiweka. Mzee mmoja kawaita wanawe, watu wazima, anawaambia kwamba toka utotoni moyoni mwake yeye ni mwanamke, na sasa ndivyo atakavyoishi. Mie nilikuwa namenya chungwa. Kaka akacheka, akasema, "Wallahi angekuwa baba yangu, ningewaambia watu kafa." Mama akachukua rimoti, akazima, akenda zake jikoni.

Nikamfata na sinia. Kasimama mbele ya sinki, maji yanamwagika, haoshi kitu.

"Baba yako ndo hivo," akanambia bila kugeuka.

"Hivo vipi, mama?"

"Kama yule wa kwenye TV. Alinambia kabla hajaondoka. Nikamwambia nenda, watoto niachie mie."

Nikasubiri nilie. Sikulia. Nikamuuliza kama biriani iliyobaki niiweke kwenye friji.

Siku ya pili mama akanipa namba ya baba. Nilipiga nikiwa ndani ya gari, nje ya kazini. Sauti ilikuwa ile ile, imelainika kidogo tu.

"Baba?"

"Naam, mwanangu. Niite utakavyo."

Nikamwambia naolewa. Akasema miaka yote alikuwa akisubiri nimtafute, na radhi zake kashanipa, kaka asimame aniozeshe. Baadaye akanitumia picha: mwanamke wa makamo, mtandio wa buluu, miwani, uso ule ule wa bibi yangu mzaa baba. Nikaitazama, nikarudi ofisini nikamaliza ripoti.

Juzi katuma ujumbe wa sauti. "Mwanangu, sitaki kukaa mbele. Ntakaa nyuma na wanawake wenzangu, nikiulizwa ntasema mie jamaa yenu wa mbali. Nikuone ukiingia tu, kesho yake naondoka. Na kama hunitaki, nambie, sitokukasirikia." Anataka jawabu kabla ya Alkhamis, akate tiketi.

Nilimsikilizisha mama. Akasema, "Harusi yako, uamuzi wako. Mie nimemficha miaka kumi na mbili, nimechoka." Kaka mpaka leo hajui. Akijua, namjua alivyo, hatosimama kuniozesha. Mchumba wangu naye hajui. Na uso ule, kina mama wa Unguja watakaokuwepo ukumbini wote walimjua bibi. Atatokea mmoja wa kuuliza.

Jana nilikwenda Matrah kupima nguo ya harusi. Fundi akaniuliza kama inanibana kifuani, nikamwambia sijui. Watu wananisifu, bi harusi katulia. Sikutulia. Sisikii kitu. Simchukii baba, wala sijui kama nnampenda. Najua tu kwamba kanisubiri miaka yote hiyo nimtafute, na mie nilikuwa sijui kama kuna wa kutafutwa.

Nnaogopa kuwauliza masheikh kama ndoa ni sahihi kaka akisimama na baba yuhai, kwa sababu swali la pili litakuwa, baba yuko wapi?

Toka juzi naandika "Njoo", nafuta. Naandika "Usije", nafuta pia. Alkhamis ni keshokutwa. Ndugu zangu, wenye wazazi na wenye watoto, msinitukanie baba, nisaidieni tu. Mngekuwa nyie, mngemuandikia lipi?